Simu ya Saa Tisa Alasiri

Kuna shule moja ya sekondari ya serikali, katika mji mdogo huko Marekani, ambayo sijawahi kuikanyaga lakini naweza kukuelekeza mpaka choo chake kilipo. Ni ya matofali mekundu na haina uzio. Wanafunzi hawavai sare. Mara ya kwanza binti yangu aliponizungusha humo kwa video nilimuuliza, "Sasa mwalimu anajuaje nani mwanafunzi na nani mpita njia?" Akacheka mpaka picha ikatikisika. Kila mwanafunzi ana kabati lake la chuma koridoni. La kwake ni la tatu kutoka dirishani, na ndani amebandika picha yangu, nimekaa juu ya robota la mablanketi, maka peni mkononi.

Robota lile lilikuwa linakwenda Tanga, kwetu. Mimi nafanya kazi katika ofisi ya kago hapa Naif, Dubai. Wafanyabiashara wa nyumbani wananunua, sisi tunafunga na kushona magunia, naandika jina la mwenye mzigo kwa herufi kubwa pande zote mbili, yalla, mzigo unashuka Khor, kwenye majahazi. Binti yangu anaishi na mdogo wangu, aliyemfanyia makaratasi ya Marekani baada ya baba yake kufariki. Aliondoka ana miaka kumi na mitatu, sasa ana kumi na sita.

Mdogo wangu anauguza wazee, zamu ya usiku, na akirudi nyumbani basi la shule limeshapita zamani. Kwa hiyo kazi ya kumwamsha mtoto niliichukua mimi. Saa kumi na mbili asubuhi ya kwao ni saa tisa alasiri ya kwetu. Naacha sindano, natoka kwenye ngazi za nyuma, penye maboksi matupu na viyoyozi vinavyodondosha maji, napiga.

"Amka."

"Mmmh. Mama, dakika moja."

"Hakuna dakika moja. Miguu chini."

Sikati mpaka nisikie miguu sakafuni. Simu yenyewe haizidi dakika mbili. Kwa miaka mitatu sikukosa siku hata moja ya shule. Hata nilipougua homa nilipiga nikiwa chini ya blanketi. Nakiri nilijivunia. Kupikiwa, kufuliwa, kununuliwa koti la baridi, yote hayo alifanyiwa na mtu mwingine, nami nilibaki na hizo dakika mbili za ngazini. Umama wangu wote niliuweka hapo.

Sasa, Jumatatu moja ya mwezi wa kumi, nikakuta barua pepe kutoka ile shule. Haikuwahi kunijia barua ya shule, zote zilikuwa zikienda kwa mdogo wangu. Kiingereza changu ni cha kuuzia na kununulia, nikampa mwenzangu wa kazini, mama wa Mombasa, anisomee.

"Wasema wataka kuonana nawe kuhusu mwanao, Ijumaa, kwa video," akasema. Akanirudishia simu polepole. "Shoga, hakuna mzazi aitwaye shule akapewe keki. Mwanao ana jambo."

Nami nilijua hivyohivyo. Baba yangu aliitwa shuleni kwangu mara moja tu maishani. Alifunga duka, akavaa kanzu ya Idi, akaenda kuelezwa kwamba bintiye anaruka dirisha kipindi cha hesabu. Nilichapwa mbele yake, na baba akamshukuru mwalimu kwa mikono miwili. Kwetu mzazi akiitwa shule, ujue mtoto ameharibu.

Ilipofika saa tisa nikapiga, lakini sikusema amka.

"Umefanya nini shuleni?"

"Sijafanya kitu, mama. Ni mkutano tu. Wazazi wote wanaitwa."

"Wazazi wote! Mimi ndiyo mjinga wa kudanganywa?" Nikamwaga yote. Kwamba nashona magunia mpaka vidole vinapasuka, na yeye ananitia aibu mbele ya Wazungu. Kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ndiyo haya. Alipojaribu kujibu nikamwambia, "Sikupigii tena mpaka uniambie ukweli." Nikakata.

Jumanne sikupiga. Nilitoka ngazini saa tisa kwa mazoea, nikasimama pale na simu mkononi, nikarudi ndani. Jumatano hivyohivyo, na Alhamisi. Alinitumia ujumbe mara mbili: "Mama?" Sikujibu. Mimi nikikasirika nakuwa kama mlango uliovimba kwa mvua, haufungi wala haufunguki. Mwenzangu alinisifu: samaki mkunje angali mbichi. Nikaona nina akili sana.

Ijumaa, mkutano ulikuwa saa mbili asubuhi ya kwao, saa kumi na moja jioni yetu. Bosi akaniachia ofisi yake. Nilivaa mtandio wangu wa harusini na nilikuwa nimekariri maneno yangu ya Kiingereza tangu juzi. Picha ikafunguka: chumba chenye jua, mwalimu mwanamke mwenye nywele fupi nyeupe, pembeni mdogo wangu aliyekuwa mapumzikoni siku hiyo, na katikati binti yangu, faili mbele yake. Amekonda, nikawaza. Kabla hawajasema kitu nikaanza.

"Mwalimu, samahani sana kwa kosa la mwanangu. Mwadhibu unavyoona. Mimi niko upande wako."

Mwalimu akamtazama binti yangu, akarudi kunitazama mimi.

"Kosa gani?" akauliza.

Akanieleza taratibu, kama mtu anayemshusha mwenzake ngazi. Mkutano huu ni wa kila mwaka na kwa kila mwanafunzi. Kila mara alikuja mdogo wangu. Mwaka huu binti yangu mwenyewe ndiye aliyeomba barua ije kwangu, na ndiye aliyeomba mkutano uwe asubuhi, ili kwangu usiwe usiku. Mdogo wangu, ambaye hakuwahi kunitajia mikutano hiyo, aliinamisha macho. Binti yangu alikuwa anatazama meza, masikio yamemwiva.

Kisha akafungua faili. Pale shuleni kwao mwanafunzi ndiye anayeeleza maendeleo yake na mwalimu anasikiliza, jambo ambalo kwetu lingeitwa utovu wa adabu. Alieleza alama zake, moja baada ya moja, pamoja na kemia inayomsumbua, kwa sauti iliyotetemeka mwanzoni halafu ikatulia. Nilikuwa nimetoka kumvua nguo mbele ya mwalimu wake, naye anaendelea kuzungumza. Nilitamani sakafu ya Naif inimeze.

Karatasi ya mwisho ilikuwa ya mahudhurio. Mwalimu akasema katika darasa zima hakuna mwenye rekodi kama hiyo, hajachelewa hata siku moja tangu aanze. Kisha akaweka kidole chini ya ukurasa.

"Isipokuwa wiki hii. Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Kulikuwa na tatizo?"

"Nilipitiwa na usingizi," binti yangu akajibu haraka.

Hakunitazama. Alikuwa ananisitiri, mtoto, mimi niliyekuja kumshtaki. Hapo nilishindwa.

"Si yeye," nikasema, na Kiingereza nilichokariri hakikuwa na maneno hayo, nikayatafuta moja moja. "Mimi ndiye namwamsha. Kutoka Dubai. Kila siku. Wiki hii nilikasirika, sikupiga." Kisha nikageukia Kiswahili. Mzazi wa kwetu hamwombi mwanawe radhi, sembuse mbele ya mwalimu. Baba yangu asingefanya. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuhukumu sijakusikiliza."

"Yameisha, mama," akasema, akijifuta macho kwa mkono wa sweta. Mwalimu hakuelewa neno, akamsogezea boksi la tishu.

Jumatatu nilikuwa ngazini kabla ya wakati. Saa tisa kamili nikapiga. Ikapokelewa kabla haijalia mara ya pili.

"Amka," nikasema.

"Niko macho, mama."

Nikacheka kwa haya. "Nimekuharibia rekodi yako. Kwani simu hiyo haina alamu?"

"Ipo. Inalia dakika kumi kabla yako."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Na ile mmmh, dakika moja?"

"Ukijua niko macho, utakata upesi."

Maji ya kiyoyozi yalikuwa yananidondokea begani, nami nikayaacha. Nikakaa juu ya boksi.

"Sasa zile siku tatu ulichelewaje?"

"Nilikuwa nimekaa kitandani, nimeshavaa viatu," akasema. "Nikasikia basi linapita. Nilikuwa nangoja upige."