Wifi Yangu na Raba za Namba Arobaini na Mbili

Dada wa mume wangu amefua mashuka ya hospitali kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo hajaliamini neno la muuzaji yeyote. Sabuni huinusa, mshono huuvuta, na mizani huitazama kwa jicho la pembeni kama mtu anayemtazama mkwe mwenye deni. Simlaumu. Mimi mwenye shahada ya kemia niliwahi kuuziwa dawa ya kung'arisha nguo iliyokuwa maji matupu, na aliyeigundua ni yeye, kwa pua.

Alipofikisha miaka arobaini alianza kucheza badminton katika ukumbi wa wafanyakazi, na kwa miaka saba sasa ndiye anayesimama mbele karibu na neti katika timu ya wafuaji. Aliwahi kuniambia kuwa mchana kutwa hushika vitu vya wagonjwa, lakini raketi ni yake. Mwaka huu, hata hivyo, alikuwa ametegua kifundo cha mguu mara mbili, na daktari wa viungo alimwambia waziwazi kwamba akitegua mara ya tatu, mchezo huo atautazama akiwa kwenye benchi maisha yake yote. Jumamosi walikuwa wacheze na wauguzi. Ijumaa mchana akaniomba nimsindikize kununua raba.

Lazima nieleze habari ya kucha zake. Vidole gumba vyote viwili vilikuwa na kucha nyeusi, naye alikwisha kutoa hukumu: raba ni fupi. Alitoka namba arobaini akaenda arobaini na moja, kisha arobaini na mbili, na kadiri namba ilivyopanda ndivyo kucha zilivyozidi kuwa nyeusi. Aliwashuku wenye viwanda. Alisema wanapunguza kiatu na kuibakiza namba, na mimi, bila kupima chochote, niliafiki kwa hasira kubwa.

Duka lilikuwa ghorofani, juu ya wauza rangi. Muuzaji, mwembamba mwenye futikamba shingoni, hakuuliza namba. Alitandika karatasi sakafuni, akamwomba wifi avue viatu na soksi.

"Nimekuja kununua kiatu," wifi alisema. "Hospitali ndiko ninakotoka."

Muuzaji alitabasamu kidogo na kungoja. Wifi alivua, huku akiuvuta mkoba wake karibu. Yule bwana aliichora miguu yote miwili kwa penseli, kisha akachukua rula. Nilisogea nyuma yake nikaikagua, maana nimewahi kuona rula zilizokatwa mwanzoni. Ilikuwa nzima. Mguu mrefu zaidi ulikuwa sentimita ishirini na nne na nusu, naye akatangaza kuwa hiyo ni namba thelathini na tisa.

Wifi aliniminya mkono na kunielekeza rafuni kwa kidevu. Maboksi ya thelathini na tisa yalikuwa yamepangwa hadi karibu na dari. La arobaini na mbili lilikuwa moja.

"Umeona, msomi?" alininong'oneza. "Zimemdodea. Anatafuta mguu wa kuzizikia."

Nilimwambia yule bwana, kwa sauti ninayowatengea wanaoniletea sampuli za kughushi, kwamba shehena isiyonunulika si ugonjwa wa mguu wa mteja. Hakukasirika, hata wifi alipomhesabia namba zake zote kuanzia arobaini. Aliuliza tu ile arobaini ya kwanza ilitoka wapi.

Ilitoka kazini. Siku ya kwanza kabisa, mtunza bohari alimpa gambuti za namba arobaini, akaiandika kwenye daftari, na tangu hapo wifi akawa mtu wa arobaini.

"Na ndani ya gambuti unavaa nini, mama?"

Kila mfuaji wa pale huvaa soksi nzito jozi mbili, kwa sababu sakafu haikauki na maji yanayomwagika kutoka kwenye mashine huunguza. Gambuti huchaguliwa kubwa ili soksi zienee. Mtunza bohari alikuwa ameandika namba ya soksi, na mwenye mguu akaichukua kama jina lake.

Husemwa kwamba mvaa kiatu ndiye ajuaye kinapobana. Ni uongo. Wifi yangu alikivaa miaka saba asijue kwamba hakibani popote. Na linaloniudhi hadi leo ni kwamba katika wauzaji wote waliompa raba hizo, hakuna hata mmoja aliyeinama kuutazama mguu.

Muuzaji alimvisha tena zile raba kuukuu alizokuja amezivaa, akakaza kamba, akamwambia apige hatua ndefu kama anayeuwahi mpira wa kinyoya chini ya neti. Alipotua, tulisikia kidole kikigonga ncha ya kiatu kwa ndani, kwa sauti kavu kabisa.

"Mguu wako unasafiri humo ndani," alisema. "Kucha ndizo zinazopokea msafara. Na kifundo kinageuka kwa sababu soli imesimama na mguu bado uko njiani."

Kisha akamvisha thelathini na tisa. Wifi alipiga hatua ile ile mara tatu kati ya rafu. Kisigino hakikuinuka, na mbele palibaki nafasi ya upana wa kidole.

"Kinanishika," alisema, kama anayemshtaki mtu. Akanunua, lakini kwanza alimlazimisha muuzaji aandike kwenye risiti jina lake, simu yake, na ahadi ya kuzipokea raba zikirudishwa ndani ya wiki mbili.

Jumamosi, katika seti ya tatu, muuguzi mmoja alidondosha mpira kwenye kona ya mbele kulia, pale pale wifi alipoangukia mara zote mbili. Daktari wa viungo, aliyekuwa akila karanga kati ya watazamaji, aliacha kutafuna. Wifi aliruka. Raba ililia sakafuni, ikashika, naye akauinua mpira ukavuka neti na kuanguka nyuma ya wauguzi wote wawili.

Mechi walishindwa kwa pointi mbili. Nilimkuta kwenye benchi amevua raba na soksi, akizikagua kucha moja baada ya nyingine kama anayetafuta doa kwenye shuka. Nilimwuliza kama sasa ameridhika, kwamba yule bwana alisema kweli.

"Tungoje wiki mbili," alisema, na risiti iliyokuwa mapajani akairudisha kwenye mkoba.