Swichi Mbili za Mzee Mashaka

Mashaka Pazi alitoka Kibuta, Kisarawe, akafika Kibaha enzi za mkonge akitafuta kazi ya shambani. Hakukata mkonge hata siku moja. Meneja wa shamba, Mgiriki mmoja mnene, alikuwa anapenda kuoga maji ya moto asubuhi na jioni, na mtu wake wa kuni alikuwa ameacha kazi juma lile lile. Mashaka akaonyeshwa pipa lililolazwa juu ya matofali nyuma ya nyumba, chini yake moto, ubavuni bomba linaloingia bafuni. Akapewa shoka. Hiyo ndiyo ikawa kazi yake kwa miaka kumi na tisa.

Mtu asiyeijua kazi ile angeidharau. Mashaka aliligonga pipa kwa kidole akajua maji yamefika wapi. Aliijua mikorosho inayowaka kwa pupa na mikwaju inayokaa na moto wake taratibu. Mwenye nyumba akiwa na haraka, aliongeza kuni. Asipokuwa na haraka, alizipunguza. Mgiriki aliondoka, mashamba yakawa mali ya umma, wakaja maofisa mmoja baada ya mwingine, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika kwamba maji yamemuunguza.

Mwaka 1969 nyumba ile alipewa injinia wa maji kutoka Ulaya ya kaskazini, yeye na mkewe. Walikuja na masanduku makubwa ya mbao, na ndani ya moja mlikuwa na mtambo mweupe wenye kimo cha mtoto wa miaka kumi. Ukafungwa kwenye kibanda karibu na jiko. Ulitumia dizeli na umeme, na ulijiwasha wenyewe. Usoni ulikuwa na swichi mbili za kuzungusha, kila moja imezungushiwa namba kutoka thelathini mpaka tisini. Juu ya swichi ya kwanza palichorwa bomba linalotiririka. Juu ya ya pili palichorwa kitu kama mbavu za mbuzi zilizosimamishwa.

Pipa likachukuliwa na watu wa karakana. Mashaka alidhani na yeye atafuata njia hiyo, lakini injinia alimwambia abaki autunze mtambo, aupanguse, aangalie mafuta.

"Na hizi?" Mashaka aliuliza, akionyesha zile swichi.

"Hizi mimi," injinia alisema kwa Kiswahili chake kifupi. "Wewe hapana gusa."

Miaka mitatu Mashaka hakugusa. Mkataba wa injinia ulipokwisha, aliondoka kwa haraka, akaacha kitabu cha mtambo kilichoandikwa kwa lugha ambayo hata mwalimu wa jirani hakuitambua.

Aliyepewa nyumba baada yake alikuwa mkunga, Sista Adventina, mwenyeji wa Karagwe, aliyekuja na mama yake mzazi, Bibi Eugenia. Bibi alikuwa na maradhi ya viungo. Asubuhi vidole vyake vilikuwa havikunjiki mpaka avikande kwa maji ya moto, na ndiyo sababu Adventina alifurahi kusikia nyumba ina mtambo.

"Mzee Mashaka, mambo ya maji nakuachia wewe," alisema. "Wewe ndiye mwenye ujuzi."

Mashaka aliitikia.

Asubuhi ya kwanza alifungua bomba la bafuni, maji yakawa vuguvugu tu. Bibi alikuwa ameshakaa kwenye kigoda, khanga begani, anangoja. Mashaka akarudi kibandani. Swichi ya bomba ilikuwa kwenye arobaini. Akawaza kama alivyowaza siku zote: mtu ana haraka, ongeza kuni. Akaizungusha mpaka tisini. Mtambo ukanguruma. Akarudi akapima maji kwa mkono, bado vuguvugu. Akamwambia Bibi asubiri kidogo, yeye akaenda kufagia uwanja.

Alisikia sauti ya beseni likianguka, halafu sauti ya Bibi akimwita binti yake kwa Kihaya.

Mkono wa kulia ulikuwa mwekundu mpaka kifundoni. Adventina aliutia kwenye maji baridi muda mrefu, kisha akaufunga kitambaa safi. Hakumfokea Mashaka. Alimwuliza tu, "Yalikuwaje?"

"Yalikuwa vuguvugu, Sista. Mimi mwenyewe niliyashika."

"Sasa yamechemka kwa nini?"

Pipa halikuwahi kumfanyia Mashaka hivyo. Akaenda kibandani akairudisha swichi mpaka thelathini, na kwa hofu akadhani ile ya mbavu huenda ndiyo ya kusawazisha mambo, akaipandisha mpaka themanini. Kesho yake maji ya bomba yalikuwa baridi. Bibi alikanda vidole vya mkono usioungua kwa maji ya sufuria.

Siku ya tatu jambo jingine likazuka. Adventina alifungua stoo ndogo ya ukumbini, alimoweka gunia la maharage na vitu vyake vya akiba, akakutana na joto kama la tanuri. Mishumaa ilikuwa imepinda, sabuni imelainika.

Ndipo alipoitwa Maneno, fundi bomba mwenye kibanda pale Kwa Mathias. Alikuja na begi la spana, akautazama mtambo mikono kiunoni.

"Mzee wangu, hii rahisi," alisema. "Swichi moja ya maji ya moto, nyingine ya maji baridi. Ukiona yanaunguza, unaongeza ile ya baridi."

"Maji baridi yana haja gani ya mtambo?" Mashaka aliuliza. "Si yanatoka baridi yenyewe?"

"Ndivyo walivyotengeneza wenyewe," Maneno alisema.

"Na stoo?"

"Stoo ni jua. Bati hilo."

Mvua ilikuwa inanyesha kwa siku ya pili mfululizo. Adventina alilitazama dirisha, akamtazama fundi, akamshukuru kwa kuja.

Mashaka alikaa kitako akiwa hajui hata cha kuogopa. Alizungusha swichi hii, kitu kikatokea kule. Alizungusha ile, kisitokee kitu alipotazamia. Alimwambia Adventina kwamba pengine ni heri atafutwe mtu mwingine.

"Mtu mwingine ndiye Maneno," Adventina alisema. "Mama yangu anakuuliza wewe kila asubuhi. Jaribu tena, lakini mwambie asiguse maji kabla hujayashika."

Jumapili, Adventina na mama yake walipokwenda kanisani, Mashaka alichukua kigoda akakiweka mbele ya mtambo. Aliweka swichi ya bomba kwenye hamsini, ile ya mbavu akaishusha mpaka mwisho, na akajikataza kugusa kitu. Akasikiliza, kwani kusikiliza alikuweza.

Mtambo ulinguruma kitambo, halafu ukanyamaza wenyewe. Akaenda bomba la jikoni: maji ya moto, lakini mkono ulivumilia. Akarudi. Alipokwisha kuchota ndoo mbili, ukanguruma tena, ukanyamaza tena. Akapandisha mpaka tisini. Alitega sikio asikie moto ukizidi ukali, kama ambavyo kuni nyingi huvuma. Haukuzidi. Ngurumo ilikuwa ile ile kabisa. Ila safari hii haikukoma. Iliendelea, ikaendelea, na iliponyamaza maji ya bomba yalitoka na mvuke.

Alikaa pale akikuna kidevu. Akarudia mara nne, maana hakuamini. Kumbe moto wa mtambo ule ulikuwa mmoja tu, hauna haraka wala ajizi, na namba ilikuwa inauambia mahali pa kuachia. Yeye asubuhi ile aliuambia uachie karibu na kuchemka, akashika maji yakiwa bado njiani, akaenda zake kufagia.

Aliliwaza lile beseni, akainamisha kichwa.

Halafu akaipandisha swichi ya mbavu. Safari hii alifuata mabomba kwa kiganja, moja moja. Bomba moja lililokuwa baridi likaanza kupata joto. Lilitoka kibandani, likapenya ukuta wa ukumbi, likaingia stoo. Alisogeza gunia la maharage, na nyuma yake, yamegandamana na ukuta, palikuwa na mapande ya chuma yaliyosimama sambamba kama mbavu za mbuzi, ya moto yote.

Adventina aliporudi alimkuta Mashaka amesimama mlangoni pa stoo.

"Sista, swichi ya pili haina habari na bomba. Inapasha chumba."

"Chumba? Kibaha hapa?"

"Nimeshika kwa mkono wangu. Maji yanazunguka humo ndani ya chuma, yanarudi mtamboni. Hayatoki popote. Wazee walisema maji ya moto hayachomi nyumba, lakini haya yanaipasha."

"Ili iweje?"

"Hapo ndipo sipaelewi."

Adventina alikumbuka kuambiwa na jirani kwamba mke wa injinia alikuwa anaanika nguo ndani wakati wa masika, na hazinuki uvundo. Wakakubaliana huenda ni hiyo. Wakati wao wanasemezana, Bibi Eugenia alipita katikati yao, akaingia stoo, akauegemeza mgongo wake pale ukutani karibu na chuma. Alifumba macho.

"Toeni haya maharage," alisema. "Nileteeni kiti."

Masika nzima Bibi aliketi stoo asubuhi, mlango wazi, swichi ya mbavu kwenye hamsini, akisuka mkeka huku wengine wa nyumba ile wakijipepea ukumbini. Mkono ulioungua ulipona ukaacha alama ndogo. Swichi ya bomba ilikaa kwenye arobaini na tano, na Mashaka aliyashika maji kwanza kila siku, ingawa sasa hapakuwa na haja. Mei ilipokwisha, vidole vya Bibi vilikuwa vinafunga vifungo vya gauni bila msaada.

Mwaka 1976 Mashaka aliacha kazi akarudi Kibuta, ambako mkewe Mwanajuma alikuwa amepewa kiwanja katika kijiji kipya cha ujamaa. Mchana mmoja walikuwa wanamenya mihogo, Mwanajuma akamwuliza kazi ile ya mwisho ilikuwa kazi gani hasa, maana watu wanamwuliza na yeye hajui la kusema.

Mashaka alieleza bomba, akaeleza namba, akaeleza mbavu. Alisema kuna nchi ambako kila chumba kina chuma kile, na watu hulipia mafuta ili nyumba ipate joto.

"Nyumba yote?" Mwanajuma aliuliza. "Na wenyewe wakiwa ndani?"

"Na wenyewe wakiwa ndani."

Mwanajuma alimtazama, kisu kimesimama juu ya muhogo. "Na wewe ukaielewa hiyo?"

"Nilielewa kuizungusha," Mashaka alisema, akachukua muhogo mwingine.