Majiko ya Mtaa Wetu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, siku ya mkutano wa mtaa wetu hapa Tunduma, nilianza kuhesabu majiko ya mkaa yaliyowashwa nje ya nyumba. Rasimu ya mpango wa matumizi ya ardhi ilikuwa imetenga eneo lote lililobaki wazi kwa maegesho ya malori. Wapimaji walihesabu nyumba, wakaona zinawatosha wakazi. Mimi nilikuwa mpangaji wa chumba kimoja, na pale ndipo nilipotarajia kupata kiwanja.

Mkutanoni nilisema, "Nyumba ni arobaini na moja. Majiko ni mia moja themanini na mbili, na kila familia ina jiko lake."

Dalali mmoja akacheka. "Bwana majiko! Sasa malori yalale wapi?"

"Yana magurudumu, yasogee," akajibu mama muuza vitumbua, mpangaji mwenzangu. "Mimi nisogee wapi, Zambia?"

Mpimaji mmoja aliyekuwepo mkutanoni hakucheka. Kesho yake alfajiri alikuja kuhesabu mwenyewe, na nusu ya eneo ikawa viwanja vidogo vya makazi. Nilipata kimoja, nikajenga vyumba viwili. Mwaka wangu wa kwanza humo, kodi ya chumba ambayo sikuhitaji tena kulipa ilifika shilingi laki nne na elfu themanini.