Mume Wangu Anachagua Bunduki ya Mabata

Mume wangu alipostaafu kazi bandarini, wanawake wenzangu wa kwaya walinionya kwamba mwanamume aliyestaafu hupanga upya sufuria za mkewe. Kuhusu bunduki hakuna aliyenionya.

Chanzo kilikuwa mpunga. Tuna kipande cha shamba bondeni, nyuma kidogo ya Moa, tulichonunua kwa ubia na rafiki yake, fundi cherehani wa mtaa wa Ngamiani. Sisi ni Walutheri kutoka milimani Lushoto, yeye ni Mwislamu, mtu wa swala tano, na amemshonea mume wangu suruali zote tangu tulipooana. Ananiita shemeji, nami namwita shemeji. Msimu ule mvua zilinyesha vizuri, mpunga ukabeba, na mabata maji wakapata habari. Walikuja makundi kwa makundi, wale wenye nyuso nyeupe wanaopiga mluzi wakiruka. Walishuka jioni, wakaondoka asubuhi wameshiba. Sisi tulivuna mabua.

Wakulima wengine wa bondeni waliweka sanamu za matambara na makopo ya kugonga. Hawa wangu wawili, mume na shemeji, waliona hiyo ni kazi ya watu wasio na mipango.

"Tutawinda," alisema mume wangu. "Tunaokoa mpunga, na kitoweo tunapata."

Shemeji akasema anamfahamu mtu mwenye gobole.

"Gobole!" Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. "Unapiga mara moja, halafu unaanza kushindilia baruti. Bata gani atakusubiri? Sisi tunataka ile ya marisau, risasi za chembechembe, inayojipakia yenyewe. Unavuta, inapiga, inajipakia. Unavuta tena."

"Bei yake?"

"Ya chini. Lakini iwe nzuri."

Maneno hayo, ya chini lakini nzuri, yalikaa nyumbani kwetu, mtaa wa Usagara, kama wageni wasiosema wataondoka lini. Mume wangu, ambaye nilikuwa nikimsomea ujumbe wa simu kwa sababu eti macho yanamuuma, sasa alishinda na simu hiyo hiyo akitazama Wazungu waliovaa majani wakipiga mabata kwenye barafu. Alijifunza kwamba kuna bunduki zinazotumia gesi ya baruti kusukuma risasi inayofuata, na kuna zinazotumia ule mstuko wa kurudi nyuma. Za gesi hazipigi bega sana, lakini huchafuka. Za mstuko hazichafuki, lakini bega utalijua. Mtutu mrefu hulenga vizuri, mfupi hubebeka. Aliniambia haya tukila, tukifua, na mara moja katikati ya ibada, wakati mchungaji anafungua Biblia.

"Wewe ungechukua ipi?" aliniuliza.

"Sanamu la matambara," nikamjibu.

Alifanya mazoezi uani kwa fagio la chelewa, kitako begani, akiwalenga kunguru. Kunguru wa Usagara hawakuona sababu ya kuruka. Jirani alichungulia juu ya ukuta, akatusalimia kwa upole usio wa kawaida, na tangu siku hiyo muziki wake ukawa wa sauti ya chini.

Ombi la kumiliki silaha lilianzia mtaani, na mwenyekiti wetu, mama mmoja mwenye sauti ya kuuza samaki mnadani, akaniita peke yangu.

"Mama, nisikufiche. Kabla hatujampitisha, lazima tujue. Mumeo ana hasira?"

"Kwenye mpira tu."

"Anakunywa?"

"Soda, nayo inamsumbua tumbo."

"Sasa bunduki ya nini?"

"Mabata."

"Mabata," akarudia, kisha akamgeukia mjumbe wake: "Andika mabata." Nilipotoka nilisikia wakicheka, lakini walimpitisha, na ngazi za juu nazo zikampitisha, moja baada ya nyingine, kwa mwendo wa kobe. Mwendo huo ulimfaa, kwa kuwa alikuwa bado hajaamua kati ya gesi na mstuko.

Mgogoro wa kweli ulizuka vibali vilipokaribia kutoka. Shemeji alikuja jioni moja, akakaa, akakunja mikono.

"Ndugu yangu, kuna jambo. Bata ukimpiga wewe akafa pale pale, mimi nitamlaje?"

"Kwa mkono, kama kawaida."

"Sina utani. Najua wapo wanaosema inaruhusiwa, na mwalimu wangu wa madrasa kaniambia nisijitie dhiki. Lakini mimi moyo wangu hautatulia mpaka nimchinje mwenyewe, nimtajie jina la Mungu, nione damu."

"Basi piga wewe."

"Kibali kinakuja kwa jina lako. Na mimi bata akiwa mbali simwoni, naona ukungu tu."

Kisha shemeji akatoa wazo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nikiwa peke yangu barabarani watu hunigeukia.

"Tutafute bunduki ambayo si kali sana. Imwangushe, isimuue. Mimi nitakimbia na kisu."

Kuanzia hapo uchaguzi ukawa na mashaka mapya. Mume wangu alitaka nguvu, shemeji alitaka huruma. Mmoja alisoma kuhusu marisau makubwa, mwingine alipendekeza yale madogo kama ulezi. Waligombana, wakasusiana wiki nzima, suruali ya mume wangu ikabaki kwa fundi haina zipu. Walipopatana waliafikiana kwamba bunduki iwe kali lakini risasi ziwe pole.

Tulikwenda Dar es Salaam wote watatu, mimi nikiwa mshika mkoba. Muuzaji alikuwa kijana mtanashati mwenye subira. Alituonyesha moja nzuri ambayo mume wangu aliishika mara moja, akasoma bei, akairudisha mezani kwa mikono miwili kama mtoto mchanga wa watu. Akatuonyesha nyingine, ya Kituruki, nyeusi, kitako cha plastiki, ya gesi, ya bei ya chini kuliko zote.

"Hii itakufaa, mzee," alisema. "Ila inataka risasi zenye nguvu. Ukiipa nyepesi, gesi haitoshi, haitajipakia."

Mume wangu na shemeji walitazamana.

"Hiyo hiyo," alisema mume wangu. "Na risasi nyepesi."

"Mzee, nimesema..."

"Tumekusikia, mwanangu. Sisi tuna sababu zetu."

Msimu uliofuata, vibali vyote vikiwa mkononi, pamoja na kile cha watu wa wanyamapori, tulikwenda Moa. Kutoka barabara kuu tulichukua bodaboda. Dereva aliyembeba mume wangu alitazama lile begi refu mgongoni akamuuliza kama anakwenda kupigia kwaya gitaa. "Ndiyo," alijibu mume wangu, na dereva akamtakia baraka.

Alfajiri tulijibanza kwenye mabua pembeni ya shamba. Mimi nilikuwa na chupa ya chai na chapati, shemeji na kisu alichokinoa mpaka kinang'aa, suruali imekunjwa magotini. Mluzi ukaanza kusikika. Mabata walipita juu yetu, wengi, chini chini, na nakiri moyo wangu ulikwenda mbio kama wa msichana. Mume wangu akasimama, akavuta.

Mlio ule! Bata mmoja akayumba, akaangukia kwenye maji, yu hai, anapiga mabawa. Kundi zima likageuka juu ya vichwa vyetu, wazi kabisa, kama limetegwa. Mume wangu akavuta tena. Kimya. Akavuta tena. Ile inayojipakia yenyewe ilikuwa imekataa kujipakia. Ganda la risasi lilikwama kwenye mdomo wa ubavuni mwa bunduki, nusu ndani nusu nje, kama mtu anayetaka kusema jambo akasita.

"Kimbia!" alimpigia kelele shemeji, na shemeji akakimbia. Matope yalimpokea mpaka mapajani. Alianguka, akainuka, akaanguka, kisu juu, akisoma bismillahi kila hatua ili asije akachelewa. Bata alikuwa akiogelea mbele yake bila haraka. Mwishowe alimshika mguu, akamchinja pale pale kama alivyotaka, na akarudi akiwa tope tupu, meno tu ndiyo meupe, mwenye furaha kuliko nilivyomwona siku ya arusi ya binti yake.

Nilimpika bata yule nyumbani kwa shemeji, pamoja na mkewe, kwa nazi na viungo. Alikuwa mgumu na amejaa marisau. Mume wangu aling'ata moja, jino la nyuma likapasuka. Alitafuna kwa upande mwingine na kusema hajala kitu kitamu kama kile.

Tangu hapo bunduki ile ya kisasa hupigwa mara moja, halafu yeye huchomoa ganda kwa kidole na kupakia nyingine kwa mkono. Shemeji alimkumbusha, kwa heshima zote, jinsi gobole linavyotumika. Hata hivyo msimu ule tulivuna mpunga hasa, magunia mpaka ukumbini. Mlio peke yake uliwatosha mabata. Walihamia shamba la jirani, la mzee mmoja wa Kidigo ambaye sanamu zake za matambara waliziona kama wenyeji tu.

Mzee huyo alifunga safari mpaka kwetu. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akapewa kiti kizuri. Nilidhani amekuja kulalamika, na nikatayarisha maneno ya kuomba radhi. Yeye akauliza tu:

"Ile yenu ni ya namna gani? Nami nataka kununua. Lakini isiwe ya bei."

Mume wangu alisogeza kiti chake mbele, akasafisha koo. "Mzee wangu," alisema, "kwanza lazima uelewe kuna za gesi na kuna za mstuko." Alizungumza mpaka kivuli cha ukuta kikafika mlangoni, na yule mzee aliondoka ameshawishika kwamba ya gesi ndiyo hasa itakayomfaa.