Ugonjwa Usiokuwa na Mbuzi

Kaka yangu alikuwa anameza dawa za kifua kikuu kwa mara ya pili, na hakuna aliyeona nafuu yoyote. Mara ya kwanza alizimaliza zote kama alivyoelekezwa, akanenepa kidogo, akarudi machimboni, na haukupita muda kikohozi kikamrudia. Safari hii kilikuja na kitu kingine: alikuwa anahema kama mtu aliyekimbia, na hali amekaa kwenye kigoda.

Miaka ile dhahabu ilikuwa imewatia watu wazimu. Shamba la mahindi likisemekana lina mwamba, kesho yake lilikuwa mashimo matupu. Vijana waliuza ndama wakanunua moko, yaani tindo za kupasulia mwamba, na nyundo. Walikuja watu wa kila mkoa, wakajenga vibanda vya maturubai, na mashine za kusaga mawe, zile tunazoziita karasha, zikawa zinanguruma mchana kutwa. Aliyefanya kazi kwenye karasha ulimjua kwa mbali, maana alikuwa mweupe kuanzia kope hadi kwenye ndala. Tulikuwa tunawatania kwamba wamekuwa Wazungu bila kupanda ndege. Kaka alikuwa mmoja wao.

Mimi nilikuwa muuguzi wa kituo cha afya, nimeolewa Nyarero, lakini nyumbani kwetu ni Nyamwaga. Daktari mtafiti alipofika na gari lenye mashine ya kupiga picha za kifua, nilipewa kazi ya kumsaidia na kumtafsiria. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtu wa pwani, anayevaa mtandio wake vizuri hata kwenye tope. Kikurya alijua salamu tu, na salamu yenyewe aliitamka vibaya mpaka vikongwe wakawa wanamsubiri barabarani wapate kucheka.

Maisha yake yote ya kazi alikuwa akitafiti kifua kikuu. Aliniambia wenzake aliosoma nao walishapanda vyeo, wanashinda kwenye mikutano, na yeye bado anapokea makohozi kwenye vikopo. Hakulalamika. Kilichomleta kwetu ni swali moja: kwa nini kwenye maeneo ya dhahabu wanaume wanameza dawa zote, makohozi yanapimwa hayana mdudu, na bado wanakohoa mpaka wanakufa? Wakubwa wake waliona jibu liko wazi, kwamba wachimbaji ni walevi na dawa hawamezi. Yeye hakukubali kuwaita watu waongo kabla ya kuwapima.

Kwa hiyo alipima. Aliwafunga wanaume pampu ndogo kiunoni, yenye mpira unaopanda hadi kwenye kola ya shati na kuvuta hewa ileile anayovuta mtu. Jioni tulitoa vichujio vikiwa vimebadilika rangi. Wachimbaji walidai tunapima dhahabu iliyomo kwenye pumzi zao ili serikali iitoze kodi, na wengine walikuwa wanabana pumzi tukipita. Daktari alicheka sana nilipomtafsiria hilo.

Wakati tunafanya hayo, kwetu Nyamwaga mambo yalikuwa yameharibika. Inabidi nieleze kuhusu wifi yangu. Aliletwa na ng'ombe wangu, yaani ng'ombe waliotolewa nilipoolewa mimi ndio hao hao kaka alioolea. Kwetu jambo hilo linawafunga wanawake wawili kuliko undugu wa damu. Katika mji ule nilikuwa na neno juu yake, na yeye alikuwa na haki ya kunikimbilia.

Na kwetu kuna mwiko. Mke aliyetembea nje ya ndoa hamkaribii mumewe akiwa mgonjwa. Akimpa maji, akimgusa, hata akipita mbele ya kitanda chake, ugonjwa unakatalia mwilini mpaka ummalize. Njia ya kutoka ipo. Mwanamke akiri mbele ya wazee, achinjwe mbuzi wa kutakasa, mume na mke wale nyama yake pamoja, na yaishe. Wifi alikuwa akiuza chai na maandazi machimboni, katikati ya wanaume wageni, kwa hiyo dawa za hospitali ziliposhindwa mara ya pili watu hawakutafuta mbali. Mama alimwita akamwomba akiri ili mwanawe apone. Wifi alisema hana cha kukiri. Akaambiwa arudi kwao Mbalibali, ng'ambo ya Mto Mara, na watoto wabaki.

Nilikasirika mpaka nikaugua kichwa. Nilimjua yule mwanamke. Lakini mbele ya wazee hasira yangu ilikuwa kelele tu. Kama ugonjwa ungepatikana una chanzo kingine, angerudi kwa watoto wake. Kama usingepatikana, angezeekea Mbalibali na jina hilo. Nilimwendea Daktari nikamweleza yote, nikamwomba ampige kaka picha.

Siku picha ilipokuwa tayari aliishika kuelekea dirishani, akaniita. Mapafu yote mawili yalikuwa na madoa meupe, kama mtama uliomwagika kwenye ungo.

"Hiki si kifua kikuu," alisema. "Labda kilikuwepo, kikapona. Haya ni mawe."

Akanieleza taratibu. Mwamba ukisagwa mkavu unatoa vumbi jembamba lisiloonekana kwa macho. Lile jeupe tunalolicheka kwenye nyusi si baya sana. Baya ni lile usiloliona, linaloteremka hadi chini kabisa ya mapafu na kubaki huko. Mwili unalizungushia kovu, na kovu halivuti hewa. Vichujio vyake vilikuwa vinaonyesha kwamba anayesaga kwenye karasha analivuta kuliko hata aliye chini ya shimo. Wenye migodi mikubwa duniani, alisema, wamelijua jambo hili tangu zamani. Sisi wa mashimo ya shambani hakuna aliyeona haja ya kuja kutuambia.

Nasema kweli: kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni kilikuwa furaha. Wifi yangu hana hatia. Nilikuwa karibu kupiga vigelegele, nikamwona Daktari hanitazami. Hapo ndipo nilipouliza kuhusu dawa, naye akatikisa kichwa.

Tulikwenda Nyamwaga pamoja. Daktari aliwapa wazee shikamoo, akakaa chini kwenye mkeka na akina mama, akaeleza, nami nikatafsiri. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jiwe hilo linatolewaje. Nikatafsiri swali. Nikatafsiri na jibu, kwamba halitolewi. Kaka alikuwa amelala chumba cha pili, mlango wazi, na anasikia kila neno. Baba mdogo ndiye aliyeongoza kumfukuza wifi. Alikuwa mtu mgumu lakini si mtu mbaya. Akasema kama ni jiwe basi mwanamke hana kesi, nikamchukue.

Nilikwenda Mbalibali kumchukua. Nikifikiria safari ile ya kurudi naona aibu kwa jinsi tulivyocheka njiani. Alifika, watoto wakamrukia, Mama akampokea mzigo wake kichwani, jambo ambalo si dogo kwa mama mkwe. Kisha akaingia kwa mumewe.

Alimkuta amegeuza uso ukutani. Tangu asikie kwamba hakuna dawa, kaka alikuwa amekataa kula. Vidonge vya kupunguza maumivu alivitema. Dada zangu wote walimbembeleza, nami nikamkaripia kama muuguzi, wapi. Wifi alikaa naye siku ile yote. Jioni alitoka, akamkuta Daktari, aliyekuwa amekuja kumtazama mgonjwa, anafunga vifaa vyake kwenye gari, akamuuliza mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha kukatakata, kama kweli hakuna kitu chochote. Daktari angeweza kumdanganya. Akamwambia hakuna.

Asubuhi wifi aliomba wazee waitwe, akakiri. Alisema alitembea na mchimbaji mmoja wa kutoka mbali aliyekuwa akinywa chai kwake, ambaye alishaondoka. Aliulizwa maswali, mengine ya aibu ambayo siwezi kuyaandika, akayajibu yote ameinamisha kichwa. Mama alilia kwa sauti. Baba mdogo akatuma mtu akamlete mbuzi.

Nilimvuta wifi hadi nyuma ya zizi.

"Umesema uongo," nikamwambia.

"Najua."

"Nilikuletea ushahidi mpaka ndani ya nyumba. Kwa nini unajifanyia hivi?"

Alinitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye niliyekuwa na shida.

"Wifi, ugonjwa wa daktari wako hauna dawa," alisema. "Huu wa kwetu una mbuzi."

Mbuzi akachinjwa. Kaka alikula nyama ile kutoka mkononi mwa mkewe, na kesho yake akaomba ugali. Akawa anatoka kuota jua, anauliza habari za ng'ombe, anamtania Baba mdogo kuhusu meno yake. Watu wa jirani walikuja kumwona mtu aliyerudi. Mimi nilijua, maana Daktari alishanieleza, kwamba mapafu ya namna ile yana siku zake nzuri. Nilinyamaza. Mpaka leo sijui ningesema nini, na kwa faida ya nani.

Nilimweleza Daktari yote, naye hakumwambia mtu, lakini kazi yake ilibadilika tangu siku hiyo. Aliacha kupiga picha za watu walioumia tayari, akaenda kukaa kwenye karasha. Kama haliwezi kutolewa, alisema, basi lisiingie. Alijaribu kulowesha mawe kabla ya kusagwa, akajaribu mpira wenye matundu unaonyunyizia maji pale mawe yanapoingia, na kila mara akapima vichujio vya wasagaji. Wenye karasha walimfukuza zaidi ya mara moja, kwa sababu unga mbichi unaganda kwenye mashine na maji yanabebwa na wanawake kutoka mbali. Aliondoka, akarudi. Alipopata kipimo cha maji kinachopunguza vumbi bila kugandisha mashine, aliniita nione kichujio. Kilikuwa karibu cheupe kama kilivyotoka kwenye pakiti yake. Wala hakutabasamu. Alisema tu kwamba laiti kipimo hicho kingepatikana mapema kidogo.

Kaka alifariki mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Wazee walisema utakaso ulichelewa. Mwanamke angekiri mwanzoni, mtu wao angepona. Hakuna aliyetaja tena mawe. Tulimzika nyumbani, na Daktari alikuja, akaketi kando yangu.

Baada ya kaburi kufukiwa, Mama alisimama. Alikuwa amekonda sana, na mkono wake alikuwa ameuweka begani kwa mjukuu wake mkubwa. Akamwita wifi mbele ya watu wote, akasema kwa Kikurya kwamba amemsamehe, kwamba watoto wanahitaji mama yao, na kwamba hataondoka mji ule. Wifi alipiga magoti kwenye udongo mbichi akamshukuru.

Daktari aliniegemea akaniuliza kwa sauti ya chini mama amesema nini. Nikamtafsiria.