Anayenyolewa kwa Ajili ya Kisyeri

Baada ya maziko, watoto wa marehemu Kisyeri waliketi mkekani mbele ya nyumba yake kijijini Turwa, wakisubiri kunyolewa. Ndivyo ukoo wao unavyomaliza msiba: anayenyolewa ni wa nyumba hiyo, anayerukwa ni mgeni, na mgeni hufunga mizigo yake akaondoka. Scola aliketi mwisho kabisa. Kiuno kilimuuma, macho yalimwasha kwa moshi wa kupikia waombolezaji. Akirukwa, angeondoka peke yake. Watoto wake wawili wangebaki kwa ukoo.

Chrispin, kitinda mimba wa Kisyeri, alimtoa Scola kwao Kasulu akiwa mjamzito, akamwacha kwa Kisyeri mara mbili, kila mara na mimba, akaenda kutafuta dhahabu. Hakurudi hata kumzika mzazi wake. Mwanaume wa namna hiyo tusimtafutie udhuru.

Kisyeri alifiwa na mume mapema, akalea watoto kwa ulezi na ndizi alizouza sokoni Nyamisangura. Umri wa kupumzika ulipofika, akaanza upya na wajukuu. Alikuwa mkali. Siku Scola alipofika akilia mlangoni, alimpa jembe.

“Utalia jioni. Sasa twende shamba.”

Jioni akampisha kitandani, mwenyewe akalala chini. Alipopooza upande mmoja, Scola ndiye aliyemwogesha, akamgeuza, akamnywesha uji hadi mwisho. Wanawe wa kuzaa walikuja Krismasi, wakapiga naye picha, wakaondoka. Kumpenda mzazi kwa picha hakuchoshi mgongo.

Bhoke, mdogo wa marehemu, ndiye aliyeshika wembe. Alipomfikia Scola, Waitara, mtoto wa kwanza, akainua mkono.

“Huyo mruke, mama mdogo. Hajatolewa ng'ombe wa mahari. Hapa si mke wa mtu.”

“Ng'ombe alipaswa kutoa nani?”

“Chrispin.”

“Basi mnyoe Chrispin.” Bhoke alimwaga maji machafu, akachota mengine. “Ulipokuwa unapiga simu kuuliza kama mama amekula, nani alikuwa anapokea?”

“Kupiga?” dada mmoja akanong'ona. “Si alikuwa anabipu tu.”

Kicheko kilipita mkekani. Waitara hakucheka.

“Mimi nasema mila.”

“Mila hiyohiyo imenipa mimi wembe. Kama unautaka, njoo uuchukue.”

Kunyoa wafiwa wa nyumba ya mama ni kazi ya wanawake, na Waitara alilijua hilo. Akatazama pembeni.

Scola akainamisha shingo. Maji yalikuwa baridi. Alidhani angelia, badala yake usingizi ukamchukua, na Bhoke akalazimika kumshika kidevu asije akakatwa na wembe. Alipomaliza, akamtikisa bega.

“Amka. Wageni hawajanywa chai, na mwenye nyumba ni wewe.”

Scola akajifuta kichwa kwa khanga, akaenda kuchochea moto.