Kicheko cha Mama

Kundi letu la mtandaoni nililianzisha kwa ajili ya mtu mmoja tu, mama yangu. Baba alipofariki, mama alibaki Nyamuswa na televisheni yake, mimi niko Musoma na duka langu la kutoa kopi. Kuna tamthilia moja ya vichekesho kutoka ng'ambo ambayo imetiwa sauti za Kiswahili. Maneno yote mama aliyasikia, ila utani ulimpita. Alikuwa akinipigia simu: "Hivi hawa wanacheka nini?" Nikimweleza, anacheka. Kicheko kile nilikihesabu kuwa changu.

Nikaunda kundi ili nimtumie maelezo kila sehemu inapoisha. Binamu zangu wa Butiama wakaingia, wakaleta marafiki zao, mwishowe wakajaa hata watu nisiowajua. Nilivimba kichwa, sifichi.

Ndipo akaingia mwanamke mmoja wa Kibara. Wiki hiyo, kwenye tamthilia, kijana alichomoa nyama kwenye sahani ya mama mkwe wake, halafu akamkonyeza. Kundi zima lilishtuka badala ya kucheka. Huku kwetu mama mkwe hata njiani unampisha, sembuse kula kwenye sahani yake. Nikaandika aya ndefu kuhusu desturi za ukwe za huko ng'ambo. Nilijibiwa kwa kidole gumba kimoja. Kisha yule wa Kibara akatuma voisi fupi: "Jamani, huyo mama msimwone mkwe. Mfanyeni bibi yenu, na huyo kijana ni mjukuu wake mtundu. Haya, rudieni kuangalia." Kundi likajaa vicheko.

Papo hapo mama akapiga simu. Nikapokea kwa furaha.

"Huyu dada wa Kibara ni nani?" akauliza. "Ana maneno matamu huyu!"

Roho iliniuma. Niliirudia ile voisi nikitafuta kasoro. Nikasema moyoni anaongelea puani. Nikasema maelezo yake si ya kweli, bibi si mkwe. Wiki zilizofuata mama hakunipigia tena kuuliza chochote, alisubiri voisi, na kila nilipoona jina la yule mwanamke kwenye simu nilinuna peke yangu dukani. Mimi ndiye admini, kumtoa ilikuwa kubonyeza tu. Nilijizuia kwa sababu moja: mama angeuliza amekwenda wapi.

Jumamosi moja nikafunga duka, nikapanda basi hadi Nyamuswa ili tuangalie marudio ya mchana pamoja, nimweleze ana kwa ana. Nilitaka kicheko changu kirudi.

Mama alinipokea mlangoni. "Umekonda! Huko Musoma hamlagi?"

Tukala alichokuwa amepika asubuhi, jiko lake la kuni lilikuwa limeshapoa, kisha tukakaa kuangalia. Mgeni mmoja kwenye tamthilia akamwambia mwenye nyumba kwamba amenenepa. Meza nzima ikanyamaza, halafu watu wa televisheni wakaangua vicheko. Mama akanigeukia.

"Si amemsifu?"

Nikakaa vizuri. Zamu yangu ilikuwa imefika. "Unajua mama, kwa wenzetu unene ni..."

"Ngoja kwanza." Tayari alikuwa ameshika simu. "Tumsikie mwenzako alisemaje."

Sauti ya Kibara ikajaa sebuleni. "Huko kwao kumwambia mtu amenenepa ni kama yule mama wa kwetu hapa. Mgeni wake hata hajakaa, ameshamwambia: 'Umekonda! Huko kwenu hamlagi?'" Alikuwa ameigiza sauti ya mama mtu mzima, mwenye huruma na ukali kwa pamoja.

Mama alicheka mpaka akavua kilemba akafutia machozi. "Kuna wamama wako hivyo kweli!" akasema. Alipotulia, akanipiga kofi dogo la goti. "Wewe ulikuwaga unanielezea kwa nini wanacheka. Huyu ananichekesha."

Maneno hayo yalinikata maini. Na nikiwa bado na uchungu wangu, nikamtazama mama na kilemba chake mkononi, kicheko kikanipanda kifuani. Yule mwanamke nisingempa hicho pia. Nikakusanya vyombo haraka, nikakimbilia jikoni, nikajiziba mdomo kwa kanga huku mabega yakitikisika.

"Unakohoa nini huko?" mama akaita.

"Moshi, mama."